Ndoa ya Bomba Gumu na Bomba Nyumbufu: Jinsi Mafuta Yanavyopandishwa kutoka Vilindi vya Bahari

Utangulizi

Aghalabu makala katika majarida ya Kiswahili hujishughulisha na fasihi, isimu na ufundishaji wa lugha. Si ajabu, basi, iwapo msomaji atashangaa kukutana na mabomba ya mafuta katika kurasa hizi. Hata hivyo, mnamo Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, sambamba na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Angola, ambayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya bahari kuu barani Afrika, ni mwanachama wa jumuiya hiyo. Msumbiji, ambayo ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kutoka bahari ya Cabo Delgado mnamo Novemba 2022, ni mwanachama pia, na Kiswahili si lugha ngeni kwa wakazi wa pwani hiyo. Lugha iliyokabidhiwa hadhi ya namna hii haina budi kueleza yanayotendeka katika bahari za wanachama wake. Ikishindwa, maarifa hayo yatabaki kwa wachache wenye lugha za kigeni, na mvuvi anayeulizwa maoni kuhusu mradi wa bahari yake atajibu jambo asilolielewa.

Makala haya yanachukua suala moja la ufundi na kulieleza hatua kwa hatua: mafuta hupandishwaje kutoka sakafu ya bahari, chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,000, hadi kwenye meli inayoelea juu? Jibu linalochunguzwa hapa ni lile la kuunganisha bomba gumu la chuma na bomba nyumbufu katika mfumo mmoja. Hoja ya msingi ni kwamba mfumo huo hufaulu kwa sababu kila bomba hupewa mahali panapolingana na tabia yake, na kwamba hatari yake kubwa hujificha pale viungo vinapokutana. Mfano mkuu ni kitalu cha Girassol nchini Angola.

Tatizo Lenyewe

Katika maji ya kina kifupi, kupandisha mafuta si kazi ya kuumiza kichwa. Jukwaa husimamishwa juu ya miguu ya chuma iliyokita katika sakafu ya bahari, na bomba hufungwa kwenye mguu mmojawapo. Mguu hautikisiki, kwa hivyo bomba nalo hutulia. Kina kinapozidi mita mia kadhaa, miguu hiyo huwa mirefu na ghali mno. Hapo ndipo wahandisi hulazimika kutumia chombo kinachoelea: aghalabu meli kubwa ambayo hupokea mafuta, huyatenga na maji na gesi, kisha huyahifadhi hadi meli nyingine ije kuyachukua. Meli hiyo hushikiliwa mahali pake kwa nanga na amari nyingi.

Kushikiliwa kwa nanga, hata hivyo, si kutulia. Meli hupanda na kushuka na mawimbi, hulala upande mmoja na mwingine, na husogezwa na upepo na mikondo kwa kadiri amari zinavyoruhusu. Ilhali meli haitulii, kisima kilicho chini hakisogei hata kidogo. Bomba la kupandishia ndilo linaloshika ncha zote mbili: sakafu isiyotikisika na meli isiyotulia.

Mambo mengine mawili huongeza ugumu. Kwanza ni shinikizo la maji. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalokaribiana na lile la hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Katika kina cha mita 1,400, bomba hubanwa na shinikizo la kadiri ya mara 140 ya lile la hewa. Pili ni baridi. Maji ya vilindini huwa na nyuzi za Selsiasi zipatazo 4 hivi, hata katika bahari za tropiki. Mafuta hutoka ardhini yakiwa na joto. Yakipoa njiani, nta iliyomo huganda na kushikamana na kuta za bomba. Gesi na maji yaliyochanganyika na mafuta huweza kutengeneza vibonge vinavyofanana na barafu, viitwavyo haidreti, na vibonge hivyo huziba bomba kabisa. Kwa hivyo, bomba la kupandishia linatakiwa kustahimili mbano, kuvumilia mtikisiko na kuhifadhi joto, yote kwa wakati mmoja.

Bomba Gumu: Nguvu na Udhaifu Wake

Bomba gumu ni bomba la chuma la kawaida, ambalo vipande vyake huunganishwa kwa kuchomelewa. Sifa zake ni wazi. Hustahimili shinikizo kubwa, huweza kutengenezwa kwa kipenyo kikubwa, huvumilia mafuta yenye joto kali, na bei yake ni nafuu likilinganishwa na bomba nyumbufu.

Bomba hili huweza kufikishwa kwenye chombo kinachoelea kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kulisimamisha wima na kulivuta kwa nguvu kutoka juu ili lisijikunje. Njia hii hufaa vyombo visivyopanda na kushuka sana. Njia ya pili ni kuliacha lining'inie kutoka kwenye chombo, lijipinde taratibu kama kamba ya kuanikia nguo, na hatimaye lilale juu ya sakafu ya bahari. Huenda msomaji akashangaa kuwa chuma kinaweza kujipinda hivyo. Lakini bomba lenye urefu wa mita elfu na zaidi hunyumbuka kama ufito mrefu, hata kama kipande chake kifupi hakipindiki kwa mkono. Bomba la kupandishia la aina hii lilitumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 katika kitalu cha Auger, Ghuba ya Meksiko, kwenye kina cha mita 872.

Udhaifu wa bomba gumu ni kwamba halisahau. Anayetaka kukata waya bila koleo huukunja na kuukunjua mara kadhaa, na mwishowe waya hukatika, ingawa hakuna mkunjo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Wahandisi huiita hali hiyo uchovu wa chuma. Kila wimbi linaloinua meli hulikunja kidogo bomba lililoning'inizwa, na mawimbi ya miaka 20 huhesabiwa kwa mamilioni. Madhara haya hujilimbikiza zaidi katika sehemu mbili: pale bomba linaposhikamana na meli, na pale linapogusa sakafu ya bahari, ambapo huinuliwa na kulazwa, huinuliwa na kulazwa, bila kikomo.

Mkondo wa maji nao una vituko vyake. Maji yanapolipita bomba la mviringo, hujikunja nyuma yake na kuunda mizunguko midogo, mara upande huu, mara upande ule. Mizunguko hiyo hulitikisa bomba kama upepo unavyoutikisa uzi uliokazwa hadi ukavuma. Ili kupunguza mtikisiko huo, mapezi hufungwa kulizunguka bomba mfano wa ngazi ya kuzunguka, yakaivuruga mizunguko isipate kujipanga.

Bomba Nyumbufu: Wepesi na Gharama Yake

Bomba nyumbufu halina ukuta mmoja. Ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina kazi yake. Ndani kabisa kuna mfupa wa chuma kisichoshika kutu, uliotengenezwa kwa utepe uliosokotwa na kufumwa kingo kwa kingo. Huu huzuia bomba lisibonyee kwa mbano la nje. Juu ya mfupa huo huwekwa ala ya plastiki, ambayo ndiyo inayozuia mafuta yasivuje. Hufuata nyaya nene zilizozungushwa karibu wima na mhimili wa bomba, kazi yake ikiwa ni kuzuia shinikizo la ndani lisipasue ala. Kisha huja matabaka mawili ya nyaya bapa zilizozungushwa kwa mshazari, moja likielekea kulia na jingine kushoto, ili kubeba uzito wa bomba bila bomba kujisokota. Mwisho kuna ala ya nje inayozuia maji ya bahari yasiingie.

Siri ya unyumbufu wake imo katika jambo moja: matabaka haya hayakugandishwa pamoja. Bomba linapokunjwa, kila tabaka huteleza kidogo juu ya jingine, na kwa hivyo mkunjo mkubwa hauleti mkazo mkubwa katika waya wowote. Aliyewahi kuitazama kamba ya makumbi kwa makini ataelewa: nyuzi zake ni ngumu kuvutwa, lakini kamba yenyewe hukunjika kwa kuwa nyuzi hupishana.

Wazo la kuunda bomba kwa mfano wa kebo si la leo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilitandika mabomba ya petroli chini ya bahari kuelekea Ufaransa mwaka 1944 katika mpango ulioitwa PLUTO. Aina moja ya mabomba hayo, HAIS, ilitokana na muundo wa kebo za simu za baharini: bomba la risasi lililoviringishiwa nyaya za chuma. Kuanzia miaka ya 1970, viwanda vya Ufaransa viliendeleza bomba la matabaka yanayoteleza, nalo likawa kipenzi cha meli za uzalishaji mafuta.

Hata hivyo, wepesi huu una gharama. Kutengeneza matabaka mengi ni kazi ghali. Kadiri kipenyo na kina vinavyoongezeka, ndivyo mfupa wa ndani unavyohitaji kuwa mzito ili usibonyee, na ndivyo nyaya za kubeba uzito zinavyohitaji kuwa nene, hadi bomba linakuwa mzigo kwa nafsi yake na kwa meli inayolibeba. Plastiki nayo haivumilii kila kiwango cha joto. Isitoshe, gesi babuzi huweza kupenya polepole katika ala ya ndani na kujikusanya katikati ya matabaka. Ikiwa ala ya nje imetoboka na maji ya bahari yameingia, nyaya huanza kuliwa na kutu mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki.

Ndoa ya Mabomba Mawili

Kutokana na maelezo haya, inabainika kwamba kila bomba lina makao yake ya asili. Bomba gumu hupenda vilindi, ambako mbano ni mkubwa lakini maji yametulia. Bomba nyumbufu hupenda maji ya juu, ambako mbano ni mdogo lakini mtikisiko hauishi. Mpaka kati ya makao haya mawili huwekwa na tabia ya mawimbi yenyewe. Mwendo wa maji unaosababishwa na wimbi hupungua haraka kwa kadiri ya kina. Kwa wimbi ambalo umbali wa kilele hadi kilele ni mita 100, mwendo unaosalia katika kina cha mita 50 ni kadiri ya asilimia 4 tu ya ule wa juu. Dhoruba hutawala uso wa bahari. Vilindini haina sauti.

Mfumo wa mseto umejengwa juu ya ukweli huo. Bomba gumu husimama wima kutoka sakafu ya bahari na kukoma makumi kadhaa ya mita kabla ya kufika juu. Halibebwi na meli. Kichwani mwake hufungwa tangi kubwa la hewa ambalo hulivuta kwenda juu bila kukoma. Tangi hilo ni chelezo kwa maana kamili ya neno, isipokuwa chelezo hiki huishi ndani ya maji na hakionekani. Mfano wake ni puto lililojazwa gesi nyepesi na kufungwa uzi unaoshikwa na mtoto: uzi husimama si kwa kuwa ni mgumu, bali kwa kuwa puto linauvuta juu na mkono unauzuia chini. Hapa mkono ni msingi uliokita katika tope la sakafu. Aghalabu msingi huo huwa silinda kubwa ya chuma iliyo wazi upande wa chini. Ikishatua juu ya tope, maji yaliyomo ndani yake hupampiwa nje, na uzito wa bahari huisukuma silinda ijididimize yenyewe.

Kutoka kichwani mwa bomba lililosimama, bomba nyumbufu huning'inia, hushuka, kisha hupanda hadi kwenye meli, likiwa na umbo la bembea. Bembea hiyo ndiyo inayomeza mtikisiko wote. Meli ikipanda, bembea hukunjuka kidogo, ikishuka, hujikunja, ikisogea upande, hufuata. Kichwa cha bomba gumu hakipati habari ya fujo hiyo ila kwa mbali sana. Bomba nyumbufu, kwa upande wake, limeepushwa na mbano wa vilindi na halibebi uzito wa maelfu ya mita.

Manufaa mengine hufuata. Uzito mkubwa hubebwa na chelezo badala ya meli. Mabomba yaliyosimama huweza kuwekwa kabla meli haijawasili, na meli ikifika hubaki kazi ya kuunganisha bembea tu. Tangi la chelezo hugawanywa katika vyumba vingi, ili chumba kimoja kikivuja, vingine viendelee kulishikilia bomba.

Mfumo wa kwanza wa aina hii uliwekwa mwaka 1988 na kampuni ya Placid Oil katika kitalu cha Green Canyon 29, Ghuba ya Meksiko, kwenye kina cha kadiri ya mita 470. Kwa kina hicho wengi wangeweza kuuona kuwa anasa. Thamani yake ilidhihirika baadaye, pale utafutaji wa mafuta ulipovuka mita 1,000.

Girassol: Alizeti ya Bahari Kuu

Kitalu cha Girassol kiligunduliwa mwaka 1996 na kampuni ya Elf ya Ufaransa katika eneo la bahari ya Angola linalojulikana kama Kitalu Namba 17. Girassol ni neno la Kireno lenye maana ya alizeti, na vitalu jirani vilipewa majina ya maua vilevile: Dalia, Rosa, Jasmim. Kina cha bahari hapo ni kadiri ya mita 1,400. Mafuta yalianza kutoka mnamo Desemba 2001, wakati Elf ilikuwa imekwisha kuungana na wenzake na kuwa TotalFinaElf, ambayo leo huitwa TotalEnergies. Meli iliyotumiwa, ambayo nayo iliitwa Girassol, ina urefu wa mita 300 na nafasi ya kuhifadhi mapipa milioni 2 ya mafuta.

Bahari ya Angola haina tufani za kutisha kama za Ghuba ya Meksiko. Hata hivyo, mawimbi marefu kutoka Atlantiki ya Kusini huifikia mwaka mzima, na ni mawimbi hayo ya kila siku, wala si dhoruba ya siku moja, yanayochosha chuma. Isitoshe, visima vilikuwa vingi, na kila kundi la visima lilihitaji mabomba ya kupandisha mafuta, ya kushusha maji yanayosukuma mafuta ardhini, na ya kushusha gesi inayoyafanya mafuta yawe mepesi kupanda. Kuning'iniza mabomba yote hayo moja moja kutoka ubavuni mwa meli kungeleta msongamano na uzito mkubwa.

Wahandisi waliamua kuyafunga mabomba pamoja katika minara mitatu. Kila mnara una bomba kuu la katikati linalobeba mkazo, na mabomba ya kazi hupangwa kulizunguka. Mabomba haya yalivikwa povu gumu lililochanganywa na vitufe vidogo vya kioo vyenye uwazi ndani. Povu hilo lilipewa kazi mbili kwa mpigo: kuhifadhi joto la mafuta, na kuupunguzia mnara uzito ndani ya maji. Kila mnara una urefu wa zaidi ya mita 1,200. Kwa msomaji wa Nairobi, huo ni urefu unaokaribia majumba 12 ya KICC yaliyopandanishwa, kwa kuwa jumba hilo lina mita 105.

Ajabu kubwa ni namna minara hiyo ilivyofika mahali pake. Haikujengwa baharini. Iliundwa nchi kavu katika mji wa bandari wa Lobito, ikiwa imelala. Ilipokamilika iliingizwa majini, ikavutwa na meli tishari ikiwa bado imelala kama nyoka mrefu anayeogelea. Ilipofika kitaluni, ncha moja ilizamishwa taratibu, mnara ukageuka na kusimama, kisha ukafungwa kwenye msingi wake. Chelezo kikashika kazi, na vichwa vya minara vikabaki kadiri ya mita 50 chini ya uso wa maji, mbali na vurugu za juu. Hatimaye bembea za bomba nyumbufu ziliunganishwa na meli.

Mfumo huu ulizaa mingine. Mnamo 2007 kitalu cha Rosa kiliunganishwa na meli hiyo hiyo, na katika mwaka huo huo mradi wa Greater Plutonio, katika kitalu kingine cha Angola, ulianza uzalishaji kwa kutumia mnara wa aina hiyo. Ni dhahiri kwamba pwani ya Angola ndiyo iliyokuwa chuo kikuu cha ndoa ya mabomba haya mawili.

Kamba Hukatikia Pabovu

Itakuwa kosa kuusifu mfumo huu bila kutaja hatari yake. Bomba moja lina tabia moja. Mabomba mawili yana tabia mbili na viungo vya kuyaunganisha. Kati ya chelezo na bomba kuna kiungo. Kati ya bomba gumu na bembea kuna kiungo kingine, ambapo bomba hupindishwa kama shingo ya bata ili bembea ipate kuning'inia. Chini, kati ya bomba na msingi, kuna kiungo cha tatu, ambacho aghalabu huundwa kwa mpira na chuma vilivyopangwa matabaka ili bomba liweze kuegemea kidogo bila kuvunjika.

Ghuba ya Meksiko ilitoa funzo mwaka 2011. Huko, kwenye vitalu vya Cascade na Chinook vilivyo katika kina cha kadiri ya mita 2,500, kampuni ya Petrobras ilichagua mabomba ya mseto yanayosimama moja moja. Sababu mojawapo ilikuwa tufani: meli ya uzalishaji, BW Pioneer, ilisanifiwa ili iweze kujifungua na kukimbia, ikiyaacha mabomba yamesimama chini ya maji yakiisubiri. Mnamo Machi 2011, kabla ya mafuta kuanza kupita, mnyororo uliofunga chelezo cha bomba mojawapo ulikatika. Chelezo kilipaa hadi juu ya maji, nalo bomba lililokosa wa kulishikilia likaanguka sakafuni. Uzalishaji ulianza Februari 2012.

Tukio hili linastahili kuzingatiwa kwa makini. Bomba gumu halikushindwa na mbano wa vilindi. Bomba nyumbufu halikushindwa na mawimbi. Chelezo nacho kilielea kama kilivyopaswa kuelea, hata kikapitiliza. Kilichoshindwa ni mnyororo wa kuviunganisha. Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pabovu, na katika mfumo wa mseto ubovu huo hutafutwa kwanza mahali ambapo vitu viwili tofauti hushikana. Ndiyo sababu ukaguzi wa viungo, pete na minyororo hupewa uzito usiopungua ule wa ukaguzi wa mabomba yenyewe.

Mtepe na Suala la Istilahi

Wazo la kuunganisha kigumu na kinyumbufu si geni katika pwani ya Waswahili. Mtepe, chombo kilichoundwa katika visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na mbao ngumu zilizoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari. Ubao ulilikabili wimbi, na mshono uliuruhusu mwili wa chombo kucheza kidogo pasipo kupasuka. Kwa upande mwingine, mishono ndiyo iliyohitaji kutunzwa na kufanywa upya mara kwa mara. Fundi wa mitepe angeelewa upesi mantiki ya Girassol na masaibu ya Chinook.

Jambo hili lina maana kwa wanafunzi wa istilahi. Msomaji atakuwa ametambua kwamba makala haya yametegemea maneno ambayo mabaharia na wavuvi wanayo tayari: chelezo, amari, nanga, kilindi, mkondo, tishari. Pale ambapo neno halikuwepo, unyambulishaji umetosheleza. Kutokana na mzizi pand- kuna panda, pandisha na pandishia, na bomba la kupandishia likajieleza lenyewe bila tafsiri. Neno nyumbufu limekuwapo kwa muda mrefu katika maandishi ya Kiswahili. Mkopo umehitajika mahali pachache tu, kama vile haidreti na plastiki, ambapo kitu chenyewe kilikuja na jina lake.

Kuna funzo hapa kuhusu namna ya kuunda istilahi. Wapo wanaotaka kila dhana ipewe neno la Kibantu hata kama hakuna atakayelielewa, na wapo wanaotaka kukopa kila kitu kwa kisingizio cha sayansi. Kwa kiasi fulani, mvutano huo unafanana na ule wa wanamapokeo na wanausasa katika ushairi. Mabomba ya Girassol yanaonyesha njia ya tatu: kukitumia kila kitu mahali kinapokifaa, na kutunza kwa uangalifu pale vinapokutana. Neno la kukopwa likipachikwa ovyo, bila upatanisho wa kisarufi na bila maelezo, sentensi nzima hukatikia hapo.

Suala hili si la darasani pekee. Huko Cabo Delgado, gesi hupandishwa kutoka kina cha kadiri ya mita 2,000 hadi kwenye kiwanda kinachoelea cha Coral Sul. Katika bahari ya Tanzania, gesi imegunduliwa katika maji ya kina kirefu tangu 2010, na mpango ni kuileta nchi kavu mkoani Lindi ili igeuzwe kimiminika huko. Kila mradi wa namna hii huja na mikutano ya hadhara, maeneo ambayo wavuvi huzuiwa kuyakaribia, na ahadi za usalama. Mwananchi anayeambiwa kwamba bomba ni salama ana haki ya kuuliza: ni bomba gani, limeshikwa na nini, na kiungo chake hukaguliwa lini na nani? Ili aulize hivyo, sharti awe amepata maelezo kwa lugha anayoitumia baharini na sokoni.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba bomba gumu hustahimili vilindi lakini huchoshwa na mawimbi, na kwamba bomba nyumbufu huvumilia mawimbi lakini huelemewa na vilindi. Kuyaunganisha kwa msaada wa chelezo kilichofichwa chini ya mawimbi hulipa kila moja makao yanayolifaa, kama inavyoshuhudiwa na minara ya Girassol iliyoanza kazi mwaka 2001. Imeonyeshwa pia, kwa tukio la Chinook la mwaka 2011, kwamba muungano huo huwa imara kwa kadiri ya kiungo chake kilicho dhaifu zaidi.

Aidha, imedhihirika kwamba Kiswahili kina akiba ya kutosha ya kueleza ufundi huu, na sehemu kubwa ya akiba hiyo imo katika msamiati wa mabaharia, wavuvi na mafundi wa vyombo. Msamiati huo unaendelea kutoweka kadiri wazee wanaoujua wanavyopungua. Ukusanyaji wake, kutoka Lamu hadi Cabo Delgado, ni kazi ambayo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuianza bila kungoja wafadhili: daftari, kalamu na nauli ya kufika bandarini vinatosha. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo.